Mashine Isiachiwe Kuamua Nani Afe

Mazungumzo yetu na wahitimu wa kisomo, Mpanda



  

Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya mbegu bora, maji safi, au bei ya tumbaku. Leo tunazungumza juu ya vita. Msishtuke. Katavi hakuna vita, na tunaomba isije. Lakini tusijidanganye kwamba vita havituhusu. Wenzetu wengi wa Katumba na Mishamo wako hapa kwa sababu wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Leo wengi wao ni raia wenzetu. Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tena ukisimama Karema ukatazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ile ni Kongo. Vijana wetu wa JWTZ wamekwenda huko kulinda amani. Mwezi Desemba 2017, huko Semuliki, zaidi ya kumi kati yao waliuawa katika shambulio moja. Kwa hiyo vita tunavijua.

Mazungumzo ya leo yalianza na swali. Kijana mmoja alituonyesha picha ya video kwenye simu yake. Ndege ndogo, haina rubani, inazunguka angani. Chini kuna mtu anakimbia. Ndege inamfuata. Kisha moshi. Kijana akauliza, "Sasa jamani, nani aliyemwua yule mtu?" Mmoja akasema ni askari aliyekaa mbali na kuiongoza. Mwingine akasema, "Hapana, siku hizi zinajiongoza zenyewe." Tukabishana mpaka jua likazama. Tukaahidi kwenda kusoma na kuuliza, kisha kurudi. Leo tumerudi.

Akili mnemba ni nini?

Wataalamu wa Kiswahili wameiita akili mnemba. Wengine husema akili bandia. Ni mashine ya kompyuta iliyofundishwa kufanya kazi ambazo tulizoea kuona zikifanywa na akili ya mtu: kutambua sura, kusikia maneno, kutafsiri, kuchagua.

Inafundishwaje? Tuseme tunataka mashine itambue nyati na ng'ombe. Tunaionyesha picha nyingi sana za nyati, na picha nyingi sana za ng'ombe. Mwisho, ukiionyesha picha mpya, inapiga hesabu na kusema: huyu anafanana zaidi na nyati. Mara nyingi itapatia. Lakini angalieni jambo hili. Mashine haijui nyati ni nini. Haijui kukimbizwa na nyati. Haijui maziwa ya ng'ombe wala ng'ombe wa mahari. Inajua umbo tu, na inakisia kwa hesabu.

Kukisia si kubaya. Sisi nasi tunakisia mvua. Ubaya unategemea unachofanya baada ya kukisia. Mashine ikikosea nyati kwa ng'ombe kwenye picha, tutacheka. Ikikosea mkulima kwa askari, hakuna wa kucheka.

Tena mashine inajua tu kile ilichofundishwa. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za makampuni makubwa zinazotazama sura na kusema kama ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, programu zilikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea karibu mara 35 katika 100. Sababu moja kubwa ni kwamba zilifundishwa zaidi kwa picha za watu weupe. Hebu fikirini. Mashine ya namna hiyo ipewe bunduki, iletwe Afrika. Mama anayetwanga ameinua mchi juu. Mvuvi amebeba pondo begani. Kwa aliye angani, vitu hivyo vinafanana na nini?

Kutoka ndege yenye rubani hadi ndege isiyo na mtu

Silaha za angani si ngeni kwetu. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka upande wa Kongo zikapiga mabomu Kigoma. Zilikuwa zikiitafuta meli ya Wajerumani, ile ile ambayo baadaye iliitwa Liemba. Lakini ndani ya zile ndege alikuwamo mtu. Aliona kwa macho yake na aliachia bomu kwa mkono wake.

Hatua ya pili ni ndege isiyo na rubani. Mtu yupo, lakini amekaa mbali, anatazama kwenye kioo. Mwezi Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha ndege kama hizo kutoka Goma. Hazikuwa na silaha. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, kujua makundi yenye silaha yako wapi. Hatuoni ubaya hapo. Kama ndege ya kutazama inaweza kumwonya askari wetu kwamba adui anakuja, nani ataikataa?

Hatua ya tatu ndiyo inayotutia hofu. Mashine inaruka, inatafuta, inachagua, inapiga, bila mtu kuambiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya vita vya Libya vya mwaka 2020. Walitaja silaha ndogo ya kuruka iitwayo Kargu-2. Walisema silaha za namna hiyo zilikuwa zimepangwa kushambulia hata bila mawasiliano na mwenye kuziongoza. Kwa maneno mengine, unaitupa angani, basi, mengine inajua yenyewe.

Mtego huu tumeuona zamani

Wazee walisema, mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Mtego hauulizi jina. Hauulizi kama wewe ni mwizi wa mahindi au ni kuku wa jirani.

Dunia imekwisha kuonja mtego wa namna hiyo. Ni bomu la kutegwa ardhini. Askari analifukia, anakwenda zake. Vita vinakwisha, wakubwa wanapeana mikono, lakini bomu halijaambiwa. Linakaa pale miaka ishirini. Siku moja anakuja mtoto anachunga mbuzi. Msumbiji na Angola wanajua uchungu huo. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015, na vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992.

Kwa sababu hiyo mwaka 1997 nchi nyingi zilikubaliana kuyapiga marufuku mabomu hayo. Zaidi ya nchi 150 zimeingia katika mkataba, Tanzania ikiwa mojawapo. Hatusemi mkataba ni ukuta usiobomoka. Mwaka 2025 baadhi ya nchi za Ulaya zilichukua hatua ya kujitoa, kwa kuhofia jirani yao. Lakini mabomu mengi yaliteketezwa na miguu mingi ya watoto ikapona.

Na hapa tunayo habari ya kujivunia. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna mradi unaofundisha panya buku kunusa mabomu hayo. Panya ni mwepesi, bomu halilipuki akilikanyaga. Akinusa baruti anakwaruza chini. Ndipo mtu aliyefunzwa anakuja kulitegua. Panya mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipeleka pua yake Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya mara 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Alikufa mwaka 2022.

Tunamtaja panya huyu si kwa mzaha. Anatufundisha mpaka uko wapi. Panya ananusa, mtu anaamua. Mashine nayo ifanye hivyo. Itafute bomu, ibebe majeruhi, isome ramani, itoe onyo. Hayo ni kazi ya msaidizi. Kuamua kwamba huyu afe, hiyo si kazi ya msaidizi.

Kosa la Tudun Biri

Mtu mmoja alituambia, "Lakini hata mtu anakosea." Kweli. Tusifiche.

Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria, wanakijiji walikuwa wamekusanyika usiku kwa Maulidi. Wanawake, watoto, wazee. Ndege ya jeshi isiyo na rubani ikawapiga. Watu wasiopungua 85 walikufa. Jeshi la Nigeria lilikiri kosa. Lilisema lilidhani lile kundi ni majambazi.

Walioamua pale walikuwa watu, haikuwa mashine peke yake. Ndiyo. Kutoka juu, kundi la watu usiku ni kundi la watu usiku. Kaswida haisikiki angani. Lakini baada ya kosa ikawaje? Wakubwa wa jeshi walikwenda kijijini kuomba radhi. Wananchi wa Nigeria waliuliza: nani aliamuru? Kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Sasa tuseme mashine iliamua yenyewe. Kamanda atasema, "Sikuamuru." Fundi atasema, "Niliitengeneza vizuri." Mwenye kampuni atasema, "Niliuza tu." Kila mmoja atanawa mikono, na makaburi 85 hayana mwenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kumweka mtu karibu na mashine, awe anaikubalia. Ni vizuri, lakini tuangalie asigeuke kuwa mhuri. Mwaka 2024 waandishi wa habari walieleza kwamba jeshi la Israel lilitumia programu ya kupendekeza majina ya watu wa kushambuliwa huko Gaza, na kwamba afisa alitumia sekunde chache tu kwa kila jina. Jeshi lilikana kwamba mashine ndiyo inayochagua, likasema maofisa huchunguza na kuamua. Sisi hatukuwapo. Lakini tunajua karani aliyechoka hufanya nini akiletewa karatasi mia moja. Anapiga mhuri bila kusoma. Mtu wa kugonga mhuri bado hajaamua kitu.

Mtu mmoja aliyetilia shaka

Sasa sikilizeni habari hii. Mwaka 1983 Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia. Usiku wa tarehe 26 Septemba, afisa mmoja wa Kirusi, Stanislav Petrov, alikuwa zamu. Mashine yake ikapiga kengele: Marekani imerusha kombora! Kisha la pili, mpaka yakafika matano. Kazi yake ilikuwa kuwaarifu wakubwa wake, na wakubwa wangeweza kujibu kwa makombora yao.

Petrov akakaa akafikiri. Akajiuliza, mtu anayeanza vita vikubwa hivyo anarusha makombora matano tu? Akaripoti kwamba mashine imekosea. Hakuwa na hakika. Akangoja. Dakika zikapita, hakuna kilichoanguka. Baadaye ikajulikana kwamba mashine ilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Mashine haikuwa na shaka. Mtu alikuwa nayo, na shaka yake iliponya watu wengi, pengine hata sisi.

Maneno ya bibi na maneno ya mzee

Tulipofika hapo katika mazungumzo, bibi mmoja wa Katumba akanyanyua mkono. Akasema:

"Mwaka ule nilikuwa msichana wa kama miaka kumi. Tulilala ndani ya matete, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Askari wakapita. Mmoja akatuona. Macho yake na yangu yakakutana. Wenzake wakamwuliza, 'Huko kuna nini?' Akajibu, 'Hakuna kitu.' Wakaenda. Mpaka leo simjui jina. Je, hiyo mashine yenu inaweza kusema hakuna kitu?"

Darasa likanyamaza. Nasi tulidhani mazungumzo yamekwisha, jibu limepatikana. Lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akasema:

"Dada, umesema vema. Lakini walioua baba yangu walikuwa watu. Walikuwa na macho kama huyo wako, na moyo, na watoto nyumbani. Hakukuwa na mashine. Mnatuambia mtu ni bora. Mtu gani?"

Ndugu zetu, tukubali kwamba hatukuwa na jibu la haraka. Mzee amesema kweli. Watetezi wa silaha hizo wanasema hivyo hivyo: mashine haina hasira, haina kabila, haibaki wala haiporomoshi matusi, haichoki, hailipizi kisasi. Tumelifikiria neno lake siku nyingi. Tunajibu kwa mambo matatu.

La kwanza. Mashine haina kabila, lakini inayo maagizo. Aliyeipa maagizo anaweza kuwa na kabila na chuki yake. Mashine itaitii chuki hiyo kwa usahihi, tena bila kupumzika. Muuaji wa kibinadamu huchoka.

La pili. Ili kuua watu wengi, mtu mwovu anahitaji watu wengine wengi wamkubalie. Lazima awashawishi, awalishe, awatishe. Katika hao, mmoja atakataa. Mwingine atatoroka. Mwingine atasema, "Hakuna kitu." Hao ndio wanaompunguzia mwovu nguvu. Silaha zinazojiongoza zinamwondolea tabu hiyo. Mtu mmoja na amri moja vinatosha.

La tatu. Mtu anaweza kuitwa kujibu. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliweka mahakama pale Arusha. Mahakama hiyo iliwashtaki watu 93, wakiwemo waziri mkuu na wakuu wa jeshi, kabla ya kufungwa mwaka 2015. Haki haikutimia yote. Lakini walisimamishwa mbele ya majaji, na waliopona walisimama wakasema mbele yao: nilikuona. Je, utaipandisha ndege kizimbani? Utaiuliza kwa nini? Utaifunga miaka mingapi?

Mzee alisikiliza. Akasema, "Basi ninachokitaka si mtu mwema. Ninataka mtu wa kuulizwa." Sisi tunaona mzee ametuzidi. Ametufupishia somo zima.

Dunia inafanya nini?

Sheria za vita zipo. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumwua aliyejisalimisha, aliyejeruhiwa, na mfungwa. Nyongeza za mwaka 1977 zinaamuru kutofautisha raia na mpiganaji. Lakini walioziandika walimfikiria askari mwenye macho.

Mwaka 2021 Msalaba Mwekundu ulitaka silaha zinazojiongoza zisiruhusiwe kulenga watu. Mwezi Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya jambo hili kwa mara ya kwanza. Nchi 152 zilikubali kwamba hatari ipo na ishughulikiwe. Nchi 4 zilikataa. Mwaka 2024 zikapiga kura tena, 166 zikakubali. Katibu Mkuu, António Guterres, aliomba mkataba ukamilike kufikia mwaka 2026. Nchi kubwa zenye viwanda vya silaha hizo ndizo zinazovuta miguu. Kila moja inasema, nikiacha mimi, mwenzangu ataendelea. Ndivyo ilivyosemwa pia juu ya mabomu ya ardhini.

Na sisi wa Katavi?

Mtasema, "Sisi wakulima wa tumbaku na mpunga, nani atatusikiliza?" Hata mkataba wa mabomu ya ardhini haukuletwa na majenerali. Kati ya waliopiga kelele walikuwamo watu waliokatika miguu.

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tujue. Mtu asiyejua hawezi kuuliza. Pili, tuulize. Mbunge akija, kati ya maswali ya barabara na maji, tumwulize na hili: nchi yetu inasimama wapi? Tatu, tukiona video za vita kwenye simu, tusizicheke kama mchezo wa mpira. Yule anayekimbia chini ana mama. Nne, tuwafundishe watoto wetu wanaotaka kuwa askari au mafundi wa kompyuta: mashine ikuhudumie, lakini amri ya kuua isitoke kwa asiyeweza kujuta.

Yule kijana aliuliza, nani aliyemwua yule mtu. Kwa video ile hatujui. Lakini tunajua tunachotaka: swali hilo liwe na jibu siku zote, na jibu liwe jina la mtu.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni kazi gani za jeshi mnaona mashine inaweza kusaidia bila hatari kwa raia?
2. Kuna tofauti gani kati ya mtu anayeamua na mtu anayegonga mhuri? Toeni mfano wa hapa kijijini.
3. Bibi alitaka mtu mwenye huruma. Mzee alitaka mtu wa kuulizwa. Ninyi mnaona lipi ni kubwa zaidi, na kwa nini?
4. Andikeni barua fupi kwa mbunge wenu juu ya jambo hili. Kila mmoja aandike sentensi moja kwa mkono wake.